Herufi S iliyochelewa kuingia

Haya, karibuni, walio mlangoni waambieni viti bado vipo huku mbele. Leo nawasimulia UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilivyozaliwa, maana wengi wetu tunaijua kwa habari za Mji Mkongwe tu basi, tunadhani ni shirika lililoanzia kwenye semina na chai ya saa nne. Wapi! Lilianzia vitani.

Novemba 1942 London imejaa serikali zilizomkimbia Hitler, Wapolandi, Wagiriki, Wabelgiji, na wengineo. Hebu jiweke hapo, wewe ni waziri wa elimu halafu huna hata shule moja, nchi nzima kaichukua Mjerumani. Ndo hao waziri wa elimu wa Uingereza, R. A. Butler, aliwaita wakae, na hawakukaa kwa ajili ya falsafa jamani, walikuwa wanaulizana vita ikiisha watoto watasomea vitabu gani, walimu watatoka wapi, maktaba zilizochomwa nani atazijaza. Wakaendelea kukutana hivyo mpaka 1945.

Sasa utamu uko hapa. Jina la kwanza halikuwa na S, ile ya sayansi, ilikuwa elimu na utamaduni tu. Agosti 1945 bomu la atomiki likadondoshwa Hiroshima. Novemba mkutano wa kuanzisha shirika unafunguliwa hapohapo London, kwenye kiti yupo Ellen Wilkinson, waziri wa elimu wa wakati huo, mama mfupi kweli lakini maneno yake yanafika, akasema Uingereza inataka sayansi iingie kwenye jina kwa sababu watu wana wasiwasi hawa wanasayansi watatufanyia nini tena, bora wawekwe karibu na wenzao wa elimu na utamaduni. Kina Joseph Needham, mwanasayansi wa Uingereza, walishaipigania hiyo S kabla, ila mimi naona bomu ndo lililowafungulia mlango (watu wa fizikia mnisamehe). Tarehe 16 nchi 37 zikasaini. Sisi hatukuwepo, Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, tumejiunga 1962.

Makao yakawa Paris, kwenye hoteli ya Majestic, ileile ambayo jeshi la Wajerumani lilikuwa limeifanya makao yake wakati wa vita. Vyumba vya kulala vikageuzwa ofisi, masekretari wakapewa vile vikubwa, maafisa wa kati wakaangukia mabafuni, basi mafaili wanayapanga ndani ya sinki la kuogea. Unaenda kutafuta barua ya shule zilizobomolewa, unainama bafuni.

Naam, yule kaka wa nyuma, naona mkono, uliza.