Uzazi wa Distichlis spicata, nyasi ya vinamasi vya chumvi

Mabibi na mabwana, nyasi ninayoizungumzia leo, Distichlis spicata, ni ya asili ya Amerika, nayo huota katika vinamasi vya chumvi vya pwani na hata barani, mbali na bahari, kama kandokando ya Great Salt Lake, ziwa la chumvi huko Utah, Marekani. Namna inavyotoa chumvi kupitia tezi za majani imekwisha kuelezwa mara nyingi, nami nitaiacha. Uzazi wake ndio unaonishughulisha. Nyasi nyingi hubeba stameni (kiungo cha kiume) na ovari (kiungo cha kike) katika ua moja, lakini hii, kama mpapai, ina mimea dume na mimea jike. Chavua ya dume hupeperushwa na upepo, na stigma mbili za ua la jike, yaani ncha zake zenye manyoya za kupokea chavua, huidaka. Ua likichavushwa huzaa punje moja tu.

Ajabu ni kwamba jinsi hizi mbili hukaa mbalimbali. Utafiti uliofanyika Utah na kuchapishwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba madume yalizidi penye chumvi nyingi, na majike penye chumvi pungufu. Kwa mmea unaotegemea upepo, utengano huo ni hasara, kwa kuwa chavua hupungua kadiri inavyosafiri.

Hata hivyo, mtu makini angeweza kupinga. Nyasi hii hutambaa kwa rizomu, yaani mashina yanayoenea chini ya ardhi, na mche mmoja waweza kuenea na kutoa vichipukizi vingi vya jinsi ileile, hivyo kinachoonekana kuwa kundi la majike huenda ni mmea mmoja tu. Tena, vichipukizi vingi havina maua, na pasipo maua jinsi haijulikani kwa macho. Mwaka 1998 mwanabiolojia Sarah Eppley na wenzake wawili walizijibu hoja zote mbili kwa kutumia alama za DNA: waligundua kwamba angalau nusu ya vichipukizi katika makundi yaliyoelemea jinsi moja vilikuwa na jenotipu tofauti, yaani vilitofautiana kwa jeni na hivyo ni mimea mbalimbali, na kwa alama inayoambatana na ujike wakaweza kuvitambua hata visivyochanua. Utengano ulikuwa wa kweli. Kwangu mimi, uzuri wa kazi hiyo ni kwamba ilianza kwa kuutilia shaka ushahidi wake yenyewe.

Kuhusu mbegu nitasema machache: chumvi ikizidi huzuia kuota, na miche ni adimu kuliko vichipukizi vya rizomu. Kwa sababu hiyo, wanaorejesha vinamasi hupendelea kupanda vipande vya rizomu, na hapo ndipo utengano wa jinsi unapowahusu moja kwa moja, kwa maana vipande vyote vikichimbwa mahali pamoja vyaweza kuwa vya jinsi moja, na eneo jipya likawa kijani kibichi lakini lisizae punje hata moja. Inafaa basi kuweka alama kwenye madume na majike wakati wa maua, ndipo rizomu zichimbwe kutoka sehemu kadhaa.