Jiwe Lililobanwa Pande Zote

Wazazi wangu, walimu wenzangu na vijana, shikamooni na habari za jioni.

Hapa mezani kuna kipande cha graniti ya milima yetu ya Mwanza, nimekifunga mpira wa baiskeli. Binti, njoo uvute polepole. Angalieni: mpira unarefuka, jiwe limetulia. Vuta tu. Limetulia. Haya, limeruka! Na limesimama tena.

Mwaka 1966 Brace na Byerlee, wanasayansi huko Marekani, walipendekeza kwamba matetemeko ya kina kifupi huzaliwa hivi: ufa wa zamani hung'ang'aniana, kisha huteleza ghafla. Mpira ndiyo miamba ya pembeni mwa ufa. Humo ndimo nguvu inamojiweka akiba.

Waliliona hilo kwenye mashine ya kubana mawe. Jiwe huchongwa silinda ndogo, huvikwa gamba la mpira au shaba, huingizwa katika chombo cha chuma nene. Mafuta au gesi husukumwa ndani, yakalibana pande zote. Ndipo pistoni inapoligandamiza kutoka juu. Huko kubana pande zote ndiko kunakonivutia kuliko yote. Mama zetu wanaoponda kokoto hupiga jiwe lililo huru ubavuni, nalo hupata nafasi ya kufunguka. Kilometa 10 chini ya miguu yetu nafasi hiyo haipo: uzito wa miamba hubana kwa takriban megapaskali 270 (megapaskali ni kipimo cha mgandamizo), zaidi ya mara 2,600 ya kanieneo, yaani mgandamizo, ya hewa. Mwaka 1911 mhandisi Theodore von Kármán aliibana hivyo marumaru ya Carrara, Italia. Ikabonyea kama udongo wa mfinyanzi badala ya kupasuka. Marumaru, jamani!

Vihisio, vifaa vidogo vya kunasa mitikisiko, vilivyobandikwa kwenye jiwe lililo mashineni husikia hata vijiufa vikilia kabla jiwe halijakatika.

Tangu tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, ambalo hata hapa Mwanza lilisikika, naulizwa: mashine hizi zitatutajia siku ya tetemeko lijalo? Binti, vuta tena, mara mbili, na kila jiwe linaposimama weka alama ya chaki. Sasa pimeni kwa rula. Miruko haijalingana, na jiwe ni lilelile, mpira uleule, mkono uleule. Ufa wa Kagera hatuwezi hata kuuweka mezani.