Nani Aliyesema Filamu ya Mueda si Sanaa?

Ndugu zangu, wazee wangu, nimeombwa nizungumzie namna watu wa Magharibi walivyoitazama sinema ya nchi za kijamaa. Nachukua Msumbiji. Tuko Mtwara, mto Ruvuma unaotutenga na Msumbiji hauko mbali, na jambo hili nimeshalisema kwenye kumbi nyingi lakini bado nasikia upotoshaji uleule ukirudiwa, hata na vijana wetu wanaosomea filamu: kwamba filamu hizo si sanaa, ni propaganda au kumbukumbu za mila tu.

Naanza na filamu moja: Mueda, Memória e Massacre, ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ruy Guerra. Guerra alizaliwa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Alisomea sinema Paris, akajijengea jina Brazil, na filamu yake Os Fuzis ilishinda tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la Berlin mwaka 1964. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba alikuja Mueda kujifunza kushika kamera. Uhuru ulipopatikana 1975 alirudi kufanya kazi na Taasisi ya Taifa ya Sinema, INC, iliyoundwa mwaka uliofuata.

Tukio lenyewe wengine wenu mmelisikia kwa babu zenu. Tarehe 16 Juni 1960 Wamakonde walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno pale Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane walikuwa wametoka huku kwetu Tanganyika kwenda kudai haki za watu wao. Walikamatwa, umati ukapinga, askari wakafyatua risasi.

Baada ya uhuru, watu wa Mueda wakawa wanaigiza siku ile hadharani, palepale mbele ya jengo lilelile. Guerra alipeleka kamera kwenye maigizo hayo. Waafrika wanacheza Wareno: mtawala anafoka, anatoa amri, anajivuna, na umati unaotazama unacheka. Kisha mchezo unasimama na mtu aliyenusurika anaeleza aliyoyaona kwa macho yake. Halafu tunarudi kwenye mchezo.

Niwaombe mtulie hapo kwenye kicheko, maana ndipo penye ugomvi wangu. Mtazamaji aliyelelewa na majumba ya sinema ya Ulaya anashangaa: watu wanachekaje katika kisa cha mauaji? Basi anahitimisha kwamba waigizaji hawajui kazi, au kwamba hii si filamu ya kisanaa bali ni kumbukumbu ya mila za kabila, ipelekwe kwa wanaanthropolojia. Lakini nyinyi mmekua na mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde! Mnajua kinyago kinavyomwiga mgeni, bwana mkubwa, polisi, na watu wakamcheka mpaka wakachoka. Kicheko kile hakiwasahau marehemu. Kinamvua mtawala ukubwa wake mbele ya watoto ambao hawakumkuta, ili wasirithi hofu ya wazazi wao. Guerra alilielewa hilo, ndiyo maana kamera yake imekaa ndani ya umati na wacheshi wake, haikupanda juu kuwatazama kama nyuki. Huo ni uamuzi wa msanii, na ni uamuzi mgumu.

Sasa mlinganisheni. Jean Rouch, muongozaji wa filamu Mfaransa, mwaka 1958 alitoa Moi, un Noir: vijana wasio waigizaji wa kazi, wanajiigiza wenyewe, ukweli na mchezo vimechanganyika. Wahakiki wa Paris walimsifu kwa kufungua njia mpya ya sinema. Sifa anastahili, siipingi. Ninachouliza ni kwa nini mchanganyiko huohuo ukifanywa na taasisi ya serikali ya FRELIMO, chama kilichoshika madaraka Msumbiji baada ya uhuru, unaitwa propaganda.

Najua mtu atanyoosha mkono aseme: lakini serikali iliikata hiyo filamu! Ndiyo, wenye mamlaka waliingilia, filamu ikahaririwa upya, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba lilikuwa kosa dhidi ya muongozaji na dhidi ya watu wa Mueda. Ila tusiwe na mizani miwili. Hollywood ilifanya kazi chini ya kanuni za Hays, zilizodhibiti kinachoruhusiwa kuoneshwa kwenye filamu, kuanzia 1934 hadi 1968, na hakuna anayesema filamu zote za miaka hiyo hazina watunzi. Ufaransa ilimfunga muongozaji René Vautier kwa sababu ya Afrique 50, filamu iliyofichua ukatili wa ukoloni, na ikaizuia kwa zaidi ya miaka arobaini. Udhibiti ni ubaya popote ulipo. Haumwondolei msanii usanii wake.

Nirudi kwa Rouch, kwa sababu alifika Maputo mwenyewe. Mwaka 1978 aliendesha mafunzo chuo kikuu kwa kamera ndogo za Super 8: unapiga picha asubuhi, unasafisha mkanda, jioni wanakijiji wanajitazama. Ni wazo zuri, na gharama ni ndogo. Watu wa INC walisita, na mpaka leo wanalaumiwa kwa kusita. Lakini hesabu yao ilikuwa wazi. Mkanda ule hauna negativu, yaani mkanda mama wa kutolea nakala, kutoa nakala nzuri ni shida, na ukiukuza kwenye kiwambo kikubwa picha inafifia. Nchi iliyotaka filamu moja ifike kwenye majumba ya sinema, na kwa magari ifike vijijini toka Maputo hadi Cabo Delgado, ingefanya nini nayo? Matunda ya mafunzo yale yaliota Paris: Ateliers Varan, shule iliyoanzishwa 1981, chimbuko lake ni huko.

Jean-Luc Godard, muongozaji mwingine maarufu wa sinema ya Kifaransa, nitampitia haraka, naona mwenyekiti anatazama saa. Alialikwa, alitembelea, aliandika kurasa zake katika toleo la 300 la Cahiers du cinéma, jarida la filamu la Ufaransa, mwaka 1979, akiiona Msumbiji kama nchi ambayo taswira ndiyo kwanza inazaliwa. Filamu yake haikutoka. Wakati huohuo vijana wa INC walikuwa kazini, na kuanzia 1981 walitoa Kuxa Kanema, jarida la habari la sinema, dakika kumi kila wiki, vita vikiendelea. Hao wangapi mnawajua kwa majina? Tuwafundishe wanafunzi wetu majina hayo.

Suala la wafadhili wa filamu nalifupisha. Niseme tu kwamba baada ya kifo cha Rais Samora Machel mwaka 1986, na baada ya moto ulioteketeza jengo la INC mwaka 1991, watengenezaji filamu walibaki kutegemea mashirika ya nje yaliyoleta mada tayari: ukimwi, mabomu ya ardhini, maji safi. Mada za maana, lakini nani alichagua?

Nina ombi moja kwenu. Filamu ya Mueda imetolewa kwenye DVD na Arsenal, taasisi ya filamu ya Berlin. Ndani yake kuna Kireno na Kimakonde. Wazee mnaojua Kimakonde cha kule, bakini baada ya kikao tuandike tafsiri ya Kiswahili, ili ioneshwe hapa Mtwara, Newala na Masasi.