Kabla ya Kumnyang'anya Mtoto Simu

Ndugu wazazi, walezi na walimu wenzangu mliofika hapa Nyegezi, Mwanza, jioni hii kuzungumzia watoto wanaosumbuliwa na kudhihakiwa kwa simu, naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Katika shule ambayo sitaitaja, binti wa kidato cha pili alipigwa picha siku ya Jumamosi akimsaidia mama yake kubeba gunia la dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Wenzake waliigeuza picha hiyo kuwa stika ya WhatsApp yenye maneno ya kejeli, na kila alipoandika neno katika grupu la darasa alijibiwa kwa stika hiyo. Binti akaacha kwenda Mwaloni, na mama yake akadhani ameingiwa na maringo, akamchapa. Habari iliponifikia niliwaagiza wanafunzi wafute kila kitu mbele ya wazazi wao, nikaamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe nilikuwa nimefuta ushahidi, na stika ikaendelea kuzunguka katika magrupu ya shule nyingine ambako agizo langu halikufika.

Nilipomuuliza binti kwa nini hakusema mapema, alinijibu kwamba simu ilikuwa ya mama yake, na kwa simu hiyo hiyo wateja hupiga kuulizia mzigo. Ingechukuliwa, biashara ingesimama. Jibu hilo lilinifunza kwamba mtoto anayekuja kwetu kulalamika hujihesabia kwanza gharama ya kusema. Ikiwa simu ni yake, na shule imekataza simu, basi malalamiko yake ni kujishtaki. Ndiyo maana nawasihi msianze na kumnyang'anya simu. Mwacheni aeleze hadi mwisho, kisha hifadhini picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, na baada ya hapo ndipo namba hiyo izuiwe.

Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo, mara nyingi mtumaji naye ni mtoto, na mimi napendelea wazazi wa pande zote mbili wakae kwanza na mwalimu wa ushauri nasaha. Lakini panapokuwa na picha za utupu, vitisho, kudai fedha au mtu mzima nyuma ya namba hiyo, msisubiri kikao chochote: nendeni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au pigeni 116, namba ya bure ya Simu kwa Mtoto. Picha ya utupu ya mtoto msiisambaze hata kwa kuuliza, "Jamani, mnamjua huyu?"

Nasi watu wazima, katika magrupu yetu ya ukoo na ya michango ya harusi, tumecheka stika ngapi zenye sura za watu ambao hawakuombwa ruhusa? Watoto huazima simu hizo hizo jioni, na husoma.

Kama kuna mzazi aliyekuja na ujumbe wa namna hii katika simu yake, asiufute. Nitabaki hapa baada ya mkutano, tuutazame pamoja.