Programu za Simu na Khiyari ya Mnunuzi

Asalaam alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Hapa Wete muuza halua hukupa kipande uonje kabla hajakukatia kilo. Ikikupendeza unanunua, isipokupendeza unakwenda zako na hakuna aliyegombana. Basi kwa nini programu ya simu tuilipie kwa kuona picha tano tu na sifa alizoziandika anayeuza?

Nikuelezeni yaliyonikuta. Jioni moja nilikuwa bandarini Malindi, nasubiri meli ya usiku ya kuja Pemba. Nikanunua kamusi ya Kiarabu kwa dola 5, niisome njiani. Tulipofika mkondo wa Nungwi mtandao ukakatika. Naifungua kamusi, inanitaka kwanza niwe na intaneti. Kumbe maneno yote hayamo ndani ya simu! Nilipoteremka Mkoani asubuhi, muda wa kuirejesha umeshapita. Iliniuma, kwani kuijaribu dakika moja bila ya mtandao kungelinitosha kujua kuwa hainifai.

Masheikh wetu walitusomesha haya zamani. Samaki aliyemo baharini hauzwi, kwa sababu ya gharar, yaani kuuziana kitu kisichojulikana hali yake. Na mnunuzi ana khiyari: katika madhehebu yetu ya Shafi, wakishurutishiana, huwa na hadi siku 3 za kuamua kama anakichukua kitu au anakirejesha. Siku 3! Sasa litazameni duka la programu la Google. Mwanzoni lilitoa saa 24 za kurejesha. Desemba 2010 likashusha hadi dakika 15, na mwaka 2014 likapandisha hadi saa 2. Dakika 15, kwa mtandao wa huku kwetu, mchezo mkubwa hata haujamaliza kushuka.

Watengenezaji nao wana hoja. Mchezo mfupi mtu huumaliza siku moja, akaurejesha, akabaki na raha yake. Isitoshe, Apple tangu kufungua duka lake Julai 2008 ilikata asilimia 30 ya bei. Ni tangu 2021 tu ndipo wadogo walioomba wakapunguziwa hadi asilimia 15. Aliyekesha miezi kwa kazi yake anastahili ujira wake.

Na msidhani bure ndiyo dawa. Bure hulipwa kwa matangazo yanayokula bando lako, na kwa vitu vinavyouzwa ndani, anavibonyeza mtoto. Mwaka 2014 Apple ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani kurejesha si chini ya dola milioni 32.5 kwa manunuzi ya watoto ambayo wazazi hawakuyaridhia.

Kwa hivyo mimi nasema tuonje kwanza, kisha tulipe. Na tulipe kweli! Huku kurushiana nakala za wizi kwa simu, na nyinyi mnanifahamu, ni kula halua yote halafu ukasema ulikuwa unaonja.

Vijana wa Pemba mnaotengeneza programu, fungueni kila kitu kwa siku 3, hata pasipo intaneti, ndipo mdai pesa zenu. Mkitengeneza kamusi ya namna hiyo, mimi nitakuwa mnunuzi wa mwanzo.