Dakika 200 za Kugawana: Usajili wa Kikapu Vyuoni Marekani

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Marekani, kikapu cha wanaume, daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kaka Juma, watu wakisikia usajili wanauliza kwanza nani kampata kijana wa nyota tano. Wewe unaanzia wapi?

JUMA: Kwenye dakika. Mechi ya chuo ni dakika 40, uwanjani wako watano, kwa hiyo kocha ana dakika 200 tu za kugawa. Sasa mchukue kocha aliyezunguka nyumba nane akiwaambia wazazi, "mwanenu atacheza dakika 30." Hizo ni 240. Dakika 40 hazipo! Ikifika Januari kuna watu wamenuna benchi, na mazoezi yanaanza kunuka fitina.

REHEMA: Na msimu ukiisha, wanafungasha.

JUMA: Bila kuchelewa. Zamani aliyehama alikaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila adhabu hiyo, 2024 wakaondoa kikomo cha mara, mradi masomo yawe sawa. Kwa hiyo kocha wa leo anasajili mara mbili: anawatafuta wapya, halafu kila mwaka anawabembeleza wale wale alionao. Hilo la pili ndilo gumu.

REHEMA: Ila fedha nazo zimeingia, tusijifiche. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa na wafadhili na matangazo yanayotumia jina na sura yake, na kuanzia msimu wa 2025-26 chuo chenyewe kinaweza kumlipa. Kikomo cha mwaka wa kwanza ni takriban dola milioni 20.5, kwa michezo yote ya chuo, si kikapu peke yake. Na badala ya ufadhili wa masomo 13 kwa timu ya kikapu, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu huo vina nafasi 15.

JUMA: Nafasi 15 ni mtego kwa kocha mwenye tamaa. Wanaocheza kweli ni wanane, tisa. Ukijaza 15 ambao kila mmoja anajiona wa kwanza, umejitafutia kesi. Mimi ningechukua tisa wa kucheza, watatu wa kulea, na waliobaki wawe watu wanaojua wazi kwamba kazi yao ni mazoezi, na wameikubali kabla ya kusaini.

REHEMA: Haya, tuipime kwa mfano. Chuo kikuu cha Kentucky, Machi 2022.

JUMA: Hapo umegusa penyewe. Kentucky walikuwa na Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mchezaji bora wa taifa mwaka ule, wastani wa ribaundi 15 kwa mechi. Raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa wakakutana na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Tshiebwe akafunga 30, ribaundi 16. Wakapigwa 85-79 kwenye muda wa nyongeza.

REHEMA: Na Saint Peter's wakaenda hadi nane bora! Walipangwa namba 15 kati ya timu 16 za kanda yao, na hakuna timu ya namba hiyo iliyowahi kufika huko kabla yao.

JUMA: Walikuwa na vijana wengi wa mwaka wa tatu na wa nne. Lakini angalia kilichofuata: kocha Shaheen Holloway akachukuliwa na Seton Hall, wachezaji wakuu wakatawanyika. Kuvuma mwaka mmoja ni jambo moja. Kudumu nako kuna hesabu zake.

REHEMA: Anayezijua ni nani?

JUMA: Chuo cha Gonzaga, kule Spokane. Mark Few amekuwa kocha mkuu tangu 1999, na hajakosa mashindano ya taifa mwaka wowote yalipochezwa. Siri yao ni kupanga umri. Kikosi kilichofika fainali 2017 kilikuwa na Karnowski, Mpolandi wa mwaka wa tano, pale kati. Wachezaji watatu wakubwa walihamia kutoka vyuo vya Washington, California na Missouri. Halafu Zach Collins, mwaka wa kwanza, aliyechaguliwa wa kumi kwenye drafti ya NBA, uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, mwaka huo huo, alikuwa anatokea benchi.

REHEMA: Benchi! Huko kwingine angeshapigiwa simu.

JUMA: Na wana subira. Kelly Olynyk, Mkanada, alikuwa na wastani chini ya pointi 6. Msimu wa 2011-12 wakamweka nje makusudi, akajenga mwili na kufanya mazoezi bila mechi. Aliporudi, pointi 17.8, na Gonzaga wakawa namba moja nchini kwa mara ya kwanza. Leo ni vigumu zaidi, kwa sababu ukimweka kijana nje, chuo kingine kinamnong'oneza ahame.

REHEMA: Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu, naye alipikwa taratibu pale UConn, chuo kikuu cha Connecticut. Mwaka wa kwanza pointi 6.2, wa tatu 13.6 na ribaundi zaidi ya 10, halafu akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009. Sasa, kwenye kumtazama kijana, makocha wasaidizi wanakosea wapi?

JUMA: Kuamini mitupo ya pointi tatu ya shindano moja. Mitupo 15 haikwambii kitu. Tazama mitupo huru ya msimu mzima, hiyo ndiyo inayoonyesha mkono. Pia mtazame akicheza na waliomzidi umri. Mrefu anayewafunika watoto wenzake hajapimwa bado.

REHEMA: Kwa wanaotusikiliza huku nyumbani, karatasi ndizo zinazoangusha wengi. NCAA inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, yakiwemo manne ya Kiingereza na matatu ya hisabati, na wastani usiopungua 2.3. Tunzeni ripoti za kila mwaka, msisubiri cheti cha mwisho.

JUMA: Na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inabana kazi ya kulipwa ndani ya Marekani. Kentucky walipokwenda Bahamas kwa ziara Agosti 2022, Tshiebwe alifanyia huko shughuli zake za malipo ya jina na sura. Kabla ya kusaini dili lolote, mwone mwanasheria wa uhamiaji. Wakala pekee hatoshi.

REHEMA: Masomo nayo si mapambo. UConn walifungiwa mashindano ya 2013 kwa alama za kitaaluma.

JUMA: Ndiyo. Kila mwenye ufadhili, kila muhula, ana pointi moja ya kubaki chuoni na moja ya kufaulu vya kutosha kuendelea kucheza. Pointi zilizopatikana wanazigawa kwa zilizowezekana, wanazidisha kwa 1,000, wanachukua wastani wa miaka minne, na mstari wa chini ni 930. Kikosi ni kidogo, kwa hiyo wawili wakiondoka wamefeli, unaliona shimo.

REHEMA: Kocha wako msaidizi ana kazi gani wiki ya fainali?

JUMA: Asingoje fainali. Utaratibu wa 2026 unafungua dirisha la kuhama siku moja baada ya fainali ya taifa, kwa siku 15. Timu ikitolewa tu, ndani ya siku mbili, kila mchezaji aitwe peke yake aonyeshwe dakika zake, nani anaondoka kwenye nafasi yake, nani anatafutwa, na fedha kiasi gani. Kama unamtafuta mlinzi mwingine wa kuongoza mchezo, aliyepo alisikie kwako.

REHEMA: Akisema anaondoka?

JUMA: Mshukuru, mwandikie barua ya sifa, kisha piga simu ya pili kwenye orodha yako. Orodha hiyo ulipaswa kuwa nayo tangu Desemba.