Kumrudisha Ness jukwaani: linda radi kwanza

Mambo vipi wadau, machalii na wadada wa Chuga, yaani Arusha, na wewe unayetazama kutoka mbali, karibu. Leo tuko na Ness wa Super Smash Bros. Ultimate, gemu la Nintendo la kupigana na kutupana nje ya jukwaa, na tunashughulika na jambo moja tu: akishatupwa nje ya jukwaa, anarudije? Huyu mtoto yumo tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1999, na mpaka leo watu wanamkimbia kwa sababu ya kurudi kwake. Mimi nampenda mno, na ninaamini anaonewa.

Washa Switch, ingia kwenye mazoezi. Ila kabla ya chochote, nenda kwenye mipangilio ya pedi uzime ile ya kuruka kwa stiki. Ukiiacha, siku utakayosukuma stiki juu mapema kidogo kabla ya B, Ness ataruka badala ya kutoa radi yake ya kurudia jukwaani, na mruko wake wa pili, ule wa hewani, utakuwa umekwenda bure. Kuruka tumia X au Y.

Sasa chagua uwanja wa Kalos Pokémon League. Nimeuchagua kwa sababu kuta zake zinashuka hadi chini, hakuna pa kupenya, kwa hiyo makosa yako yote yataonekana. Mwache mpinzani wa kompyuta asimame tu. Punguza mwendo wa mchezo hadi robo.

Toka nje upande wa kulia wa jukwaa. Stiki juu na B. Hiyo ndiyo PK Thunder: radi inatoka juu ya kichwa cha Ness, na sasa stiki inaiendesha radi, haimwendeshi Ness tena. Yeye anashuka polepole anasubiri. Kazi yako ni kuizungusha radi mpaka impige yeye mwenyewe, na anaruka kuelekea upande ulio kinyume na ilikotokea. Ikimpiga kutoka chini kulia, anakwenda juu kushoto.

Fikiria kipilefti cha Mnara wa Saa pale mjini. Gari zetu zinakizunguka kama mshale wa saa, sivyo? Ukiwa upande wa kulia wa jukwaa, radi yako ifanye vivyo hivyo: juu, kulia, chini, halafu iingie kwa Ness. Ukiwa upande wa kushoto, geuza: juu, kushoto, chini, ingia. Maana yake ni kwamba duara siku zote linakwenda upande wa nje, mbali na ukuta. Radi ikigusa ukuta inapotea, na Ness anaanguka hana la kufanya.

Hapo ndipo penye siri yote, naomba unisikilize vizuri. Mpinzani mzuri hamfuati Ness, anaifuata radi. Anajirusha kwenye njia yake, radi inampiga, anaumia kidogo, inapotea, na wewe umepoteza uhai mzima. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu kwenye banda moja la gemu Kaloleni, lile la mshindi anabaki, aliyeshindwa anapisha. Jamaa mmoja alinitoa mara tatu kwa kunyoosha mwili wake tu mbele ya radi yangu. Nililaumu pedi. Pedi ilikuwa nzima. Duara langu ndilo lilikuwa kubwa kama uwanja wa mpira.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni kupunguza duara. Rudisha mwendo wa kawaida, uzungushe stiki mfululizo bila kuiachia, mpaka radi ipite karibu kabisa na mwili wa Ness. Rudia upande mmoja mpaka mkono uzoee, ndipo uhamie wa pili. Wengi wanajua upande mmoja tu, na mpinzani akishagundua, atakutupa upande huo mwingine kila mara.

Zoezi la pili ni kuchelewa. Mruko wa pili wa Ness ni mrefu na unapanda taratibu, na unaweza kupiga huku bado unapanda. Usiutumie kwa woga. Ukitupwa mbali, acha ushuke kwanza, tazama mpinzani yuko wapi, ndipo uruke, na ukifika kileleni, mbali na mikono yake, ndipo utoe radi. Kumbuka pia kwamba ukipigwa hewani unarudishiwa radi na mkwepo wa hewani, yaani kukwepa kwa kitufe cha ngao ukiwa hewani, lakini mruko wa pili haurudi. Ndiyo maana nauthamini kuliko vyote.

Ukiwa karibu na ukingo, achana na radi kabisa. Bonyeza ngao huku umeelekeza stiki kwenye ukingo, mkwepo utakufikisha na mikono itashika. Wengi wanasahau.

Turudi kwenye pembe. Usimlenge Ness ukutani uso kwa uso, atarudishwa nyuma na hapo umekwisha. Mlenge apite kando ya ukuta kwenda juu. Mwanzo wa ule mruko wa kupigwa na radi una nguvu kubwa sana, kwa hiyo mpinzani akikusogelea mno, mrushe Ness apite katikati yake. Fanya hivyo mara moja kwenye mechi, na ataanza kukaa mbali, na radi yako itapata nafasi.

Na akishika ukingo, usidhani umeokoka. Kuna fremu 2 za mwanzo, yaani picha mbili za mchezo, ambazo bado anapigika, na mchezo huu unakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani ni sehemu ya 30 ya sekunde. Mpinzani anayekuona unafika kila mara kwa wakati uleule atazipata. Badilisha: mara panda juu ya ukingo kabisa, mara zungusha duara moja la ziada, afyatue pigo lake hewa tupu.

Angalizo la mwisho ni kuhusu Fox na Mr. Game & Watch. Fox ana kioo kinachorudisha mashambulizi ya mbali, na yule mwingine ana ndoo inayomeza radi. Ukikutana nao, toa radi mbali zaidi, kwa duara dogo zaidi. Ness mwenzako naye ana PSI Magnet, ngao ya kufyonza mashambulizi kama haya, ataimeza radi yako na kupona kwayo.

Haya, chagua Kalos, upande wa kushoto, jidondoshe mara kumi. Ukirudi mara kumi mfululizo bila radi kugusa ukuta, hamia kulia.